Kovu la Mbele

Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa sababu kulitaja ukiwa umekaa ni viboko thelathini, na mimi siwezi kuandika nikiwa nimesimama. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Si nchi yake. Nchi yake ni nzuri, ina amani, na wakubwa wake wote ni watu wa kweli. Hii ni nyingine kabisa, iko mbali, huko.

Mimi naitwa Ngwali. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa Karani wa Makovu katika Wizara ya Ushujaa. Kazi yangu ni kupima. Mtu anakuja na kovu lake la vita, anavua shati, mimi naweka rula, naandika. Kovu la sentimita tano na kuendelea, huyo ni shujaa. Chini ya hapo ni mtu aliyejikwaa. Aliyefaulu hupewa kibao cha shaba akakipigilie mlangoni kwake: HAPA ANAISHI SHUJAA.

Usikidharau kibao hicho, ndugu yangu. Sheria yetu inasema nyumba isiyo na shujaa haina mlango. Maana yake shujaa yeyote anaweza kuingia, akachukua mbuzi, akachukua godoro, akachukua na binti wa watu akamwoa. Mwenye nyumba anaruhusiwa kulia, ila si kwa sauti ya kumkera shujaa aliyebeba godoro. Sheria nyingine inasema shujaa akiuawa, jiwe la kaburi lake litaje jina la aliyemuua, maana ni aibu shujaa kufa kwa mkono wa mtu asiyejulikana. Na aliyemuua shujaa naye ni shujaa, awe nani awe nani. Na jiwe likishasimikwa, atakayeligusa anakatwa mkono. Tumeshakata mitatu, miwili kati yake ya fundi mmoja aliyeona jiwe limeinama akataka kulinyoosha.

Zamani kulikuwa na sharti kwamba kovu liwe mbele, yaani usoni au kifuani. Sharti hilo lilituletea taabu. Baada ya vita vya kwanza walikuja mashujaa mia mbili na kumi, wakavua mashati, na wote wakageuka kunionyesha mgongo. Tume ikaundwa. Ikakaa miezi minane, ikala mbuzi tisini, ikatoa tamko kwamba mgongo wa mwanaume ni kifua chake kilichochelewa. Tangu hapo kazi ikawa nyepesi. Mimi mwenyewe ninalo kovu, na lilipo sipaonyeshi wageni.

Wanawake hawakuwa wakija kupimwa. Sheria haikuwakataza, jamani, tusiisingizie. Haikuwataja tu.

*

Sasa niseme habari za Daraja la Mawe.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Watu wa Ng'ambo, ambao ni maadui zetu wa kudumu, walikuja kuvuka mto. Upande wetu kulikuwa na askari mia nne chini ya Jemadari Kishindo, mwanaume wa futi sita na nusu, mwenye sauti ya kutikisa mabati. Jemadari alitoa hotuba. Alisema atakayerudi nyuma hatua moja atamla nyama mbichi, bila chumvi. Ndipo adui wa kwanza akapiga chafya kule ng'ambo, na Jemadari akakumbuka kwamba ameisahau ramani nyumbani.

Nawaomba msicheke. Ramani ni kitu muhimu vitani. Askari wote mia nne waliondoka kumsaidia kuitafuta, pamoja na wapishi, pamoja na mpiga tarumbeta, pamoja na karani mmoja aliyekuwa amefika kupima makovu yakiwa bado ya moto. Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, na siku ile mbawa zilikuwa nyingi mpaka vumbi likafunika jua.

Waliobaki ni wawili. Mmoja alikuwa Siwatu, mjane, muuza supu ya mapupu na utumbo hapo darajani, ambaye askari walimwita Mama Mboni. Wa pili ni huyo Mboni mwenyewe, bintiye wa miaka kumi na sita, aliyekuwa akikata vitunguu nyuma ya sufuria. Naye angekimbia, lakini mtu mmoja mkubwa, mwenye cheo na mbio, alikuwa amemkumba akamwangusha, akamkanyaga mguu ukavunjika. Mboni alimwona sura. Mama yake akamtazama mtoto, akautazama mguu, akalitazama daraja, akakunja kanga kiunoni.

Sufuria ilikuwa ya lita arobaini na ilikuwa inachemka. Wanne wa kwanza waliipokea yote usoni, na ngozi ikawatoka kama maganda ya viazi. Daraja letu ni jembamba, hawapiti zaidi ya wawili. Siwatu akachukua shoka lake la kupasulia mifupa. Wa tano lilimwingia shingoni. Wa sita alipoteza taya, akawa anatafuta kulirudisha kwa mikono yake yote miwili mpaka akaanguka mtoni. Wa saba alimwahi, akampiga panga la uso kuanzia kwenye nywele hadi kidevuni, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaenda na panga hilohilo. Damu ikamfumba macho. Kuanzia hapo alikuwa anapigana haoni, na Mboni, amekaa chini na mguu wake uliovunjika, ndiye aliyekuwa macho yake.

"Mama, kushoto! Mama, chini! Mama, yuko mbele yako, piga!"

Akapiga. Walipofika kumi na mmoja, waliobaki wakaona kumbe ng'ambo nako si kubaya, wakarudi.

Saa sita Jemadari Kishindo alifika na ramani. Akawakuta maadui wamelala. Akawahutubia kwa ukali, wala hawakumjibu, akajitunuku nishani. Mimi ndiye niliyeandika taarifa rasmi: kwamba Jemadari, peke yake, aliwaua kumi na mmoja kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umeshika ramani. Niliiandika kwa mwandiko mzuri sana.

*

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kilio kilikwenda kwa Siwatu kikiwa kwenye bahasha yenye muhuri. Jemadari Kishindo alitangaza kwamba nyumba ya mjane Siwatu haina kibao, kwa hiyo haina mlango, na Ijumaa ya wiki inayofuata atakwenda kumwoa Mboni.

Jemadari alikuwa ameshaoa mara sita. Wake zake wote walifariki kwa kuanguka ngazini. Wapo waliojiuliza maswali kwa kuwa nyumba ya Jemadari haina ngazi, lakini waliojiuliza nao wakaanguka ngazini. Alichomtakia Mboni kilijulikana na kila mtu wizarani, ila hakuna aliyekisema. Kwa sheria yetu mke hatoi ushahidi dhidi ya mumewe, na binti yule alikuwa na macho, na alikuwa na mguu.

Basi Jumatatu asubuhi nikamwona Siwatu mbele ya meza yangu. Uso ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa gunia.

"Karani," akasema, "nimekuja kupimwa."

"Mama Mboni, hapa hatupimi ajali za jikoni."

"Weka rula, baba. Nina watu wa kuwapikia."

Nikaweka rula. Salaale! Rula yangu ni ya sentimita ishirini, ikaisha nikiwa kwenye shavu. Nikaongezea kwa kalamu. Ishirini na tatu. Kovu refu kuliko yote tangu wizara ianzishwe, tena lilikuwa mbele, mbele ile ya zamani kabla ya tume. Nikaiacha rula mezani, nikaenda kumwita Waziri.

Mheshimiwa Makeke, Waziri wa Ushujaa, alikuja na Profesa Upeo, mwanazuoni wa wizara, mwenye ndevu za kufika kitovuni. Profesa alimzunguka Siwatu mara tatu. Halafu akakohoa.

"Ushujaa," akasema, "ni joto. Joto hukaa kwenye ini. Ini la mwanaume ni kavu na la moto, na ndevu hulizuia joto lisitoke. Ini la mwanamke ni la majimaji. Kwa hiyo huyu mama, kwa mujibu wa elimu, hakufanya alichofanya. Nimeandika vitabu saba."

"Profesa," akasema Siwatu, "umeshawahi kuliona ini?"

"Nimelisoma."

"Mimi nimelishika. Nimepika supu miaka ishirini. Ini la beberu na ini la mbuzi jike ukiyaweka kwenye sinia moja, hata mchinjaji hajui lipi ni la nani. Wateja wangu askari, hakuna hata mmoja aliyewahi kurudisha bakuli akasema, Mama Mboni, ini hili la jike, nitakuwa mwoga. Na hapo darajani nimepasua watu saba. Nilipofuta damu machoni nikawaona kwa ndani. Yaani ningeambiwa nitaje humo ushujaa unakaa wapi, nisingejua. Niliona utumbo tu, na wengine walikuwa wamekula maharage."

Profesa akashika ndevu zake kwa mikono miwili, nadhani kuzuia joto.

*

Msidhani wizara yetu haina huruma. Kwa matukio ya namna hii tunacho Cheti cha Uanaume. Mwanamke akithibitika kuwa shujaa, tunamwandika kuwa ni mwanaume, tena tangu kuzaliwa kwake. Anapewa kibao chake, anapewa suruali moja, na mambo yanakwisha. Kabatini kwangu vilikuwemo vyeti arobaini na moja vya namna hiyo. Malkia mmoja wa zamani aliyezima maasi matatu yumo humo, anaitwa Bwana Malkia. Ndiyo maana nchi yetu haijawahi kuwa na mwanamke shujaa hata mmoja. Takwimu hazisemi uongo.

Mheshimiwa Makeke akaifungua kalamu yake mwenyewe, ya dhahabu.

"Weka dole gumba hapa, mama. Ukishaweka, wewe ni Bwana Siwatu. Kibao unakipata leo leo, mlango unao, na Jemadari hawezi kuvuka kizingiti chako."

Nilimwona Siwatu akivuta pumzi ndefu. Siku zile zote alikuwa hajalala. Akalowesha dole gumba kwenye wino, akalinyanyua, halafu likasimama hewani.

"Na Mboni? Atakuwa mtoto wa nani?"

Mheshimiwa akanitazama. Mimi ndiye mjuzi wa kanuni.

"Daftari la vizazi linasema Mboni ni mtoto wa Bi Siwatu," nikajibu. "Bi Siwatu atakuwa hajawahi kuwepo. Kwa hiyo binti atakuwa hana mama. Na asiye na wazazi huwa chini ya ulinzi wa shujaa mwenye cheo kikubwa kuliko wote mjini."

"Naye ni nani?"

"Jemadari Kishindo."

Siwatu akafuta wino kwenye kanga yake, taratibu, kidole kwa kidole, na vidole vyenyewe vilikuwa vinane.

"Sikilizeni," akasema. "Nilipokuwa sioni pale darajani, mtoto wangu alikuwa ananiita Mama. Mama kushoto, Mama kulia. Hakuniita Baba. Ningekuwa baba, si ningekwenda kutafuta ramani?"

Akakichana cheti vipande viwili. Mheshimiwa Makeke akasema kwa heshima zote kwamba atamfanya kitoweo cha mbwa. Lakini Siwatu alikuwa bado hajamaliza. Kumbe kati ya sheria zetu ipo moja ya kale, haijatumika tangu babu yangu akiwa hai, inayosema mwenye nyumba akiona shujaa anamjia kwa nguvu, anaweza kumdai wakutane hadharani, silaha kwa silaha. Alikuwa ameijua kwa askari walevi, mezani pake.

Mheshimiwa alicheka mpaka akaketi. "Mpeni," akasema. "Watu hawajapata burudani tangu sikukuu."

*

Walikutana Jumanne kwenye uwanja wa soko, saa tatu asubuhi. Jemadari alikuja na upanga, na nishani arobaini, na wasaidizi wawili wenye mikuki. Kanuni inamruhusu shujaa kuwa na wasaidizi wawili kwa ajili ya heshima. Siwatu alikuja na shoka. Mboni alikuwa amekalishwa juu ya gunia la mkaa, mguu umefungwa kwa mbao. Jicho la kushoto la mama yake lilikuwa bado limefumba, kwa hiyo binti alikuwa kazini.

Jemadari akaanza kuhutubia. Alikuwa amefika kwenye maneno "mimi niliyemwaga damu ya," na Siwatu akaanza.

"Mama, kushoto!"

Msaidizi wa kwanza alipoteza goti. Aliruka na mguu mmoja hatua nne, akaanguka kwenye nyanya za watu, akawa anapiga yowe hapo katikati ya nyanya na hakuna aliyejua nyekundu ipi ni ya nani. Msaidizi wa pili alimchoma Siwatu begani, mkuki ukatokea nyuma. Siwatu hakurudi nyuma. Alisogea mbele, akaupitisha mkuki begani mwake mpaka akamfikia mwenye mkuki, akampasua paji la uso. Wanaume wazima walitapika. Mimi nilitapika kwenye daftari.

Alipogeuka na ule mpini unaning'inia begani, Jemadari Kishindo aliona ghafla kwamba ameacha kitu nyumbani. Akageuka na kutimua mbio. Lakini nishani arobaini za shaba si kitu kidogo, na sokoni kuna maganda.

"Mama, mbele yako! Amelala!"

Shoka likamwingia mgongoni, pale pale kwenye kovu lake la zamani, likaifuata ile njia iliyokuwa imeshazoeleka. Mapigo matatu. La tatu lilikuwa si la lazima, lakini ni la mguu wa Mboni, na hapo mimi simlaumu mtu.

Mheshimiwa Makeke akasimama kwenye kiti chake. Akafikiri. Mishipa ya shingo ilimtoka kwa kufikiri.

"Ndugu wananchi," akasema. "Mwanaume shujaa hawezi kuuawa na mwanamke. Hilo ni jambo lililothibitishwa. Huyu ni mwanamke, kwa maneno yake mwenyewe, amekikataa cheti. Kwa hiyo Jemadari Kishindo hajafa. Ndoa ni Ijumaa, kama ilivyopangwa."

*

Na kwa kuwa hakuna shujaa aliyeuawa, Siwatu hakuwa na kosa, akaenda nyumbani kuchomolewa mkuki. Sheria ni sheria.

Jemadari alirudishwa ofisini akaketishwa kwenye kiti chake, akafungwa mkanda ili asiiname mbele ya wageni. Daktari wa jeshi alimshika mkono akasema hakuna mapigo. Akapelekwa nyuma ya bohari, ukasikika mlio mmoja, na yeye naye akawa hana mapigo. Daktari wa pili aliona mapigo mazuri sana. Mwanamke mmoja sokoni aliropoka neno "marehemu," akachapwa viboko mpaka akawa marehemu yeye. Jumatano Jemadari alisaini amri tisa kwa dole gumba, tulimshikia mkono. Baraza la mawaziri lilimsifu kwa utulivu wake mpya. Ilikuwa kiangazi, na Alhamisi nzi walianza kukusanyika bila kibali. Askari sita wakapangwa kuwakamata. Mimi nilikuwa nakwenda kumpelekea karatasi nimebana pua kwa kibanio cha nguo, na Mheshimiwa akaniandikia onyo la utovu wa adabu.

Ijumaa tukambeba. Tulikuwa watu arobaini, tarumbeta mbele, bwana harusi juu ya kiti na maua, Mheshimiwa Makeke pembeni ameshika kitambaa chenye marashi. Tukafika kwa Siwatu saa mbili asubuhi. Nyumba ya udongo, mlango wa mbao ambao kwa sheria haupo. Umefungwa.

Dirishani akatokea Mboni. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Karibuni," akasema. "Mimi sikatai sheria. Ila nyie ni watu wazima, mnajua desturi. Mnasema hapa hakuna mlango, sawa, lakini bwana harusi hata akija porini anapiga hodi mwenyewe, kwa kinywa chake, mara tatu. Asiyepiga hodi si mume, ni mwizi. Si ndivyo, Mheshimiwa?"

Mheshimiwa alikuwa ameoa mara nne. Asingeweza kusema sivyo.

"Atapiga," akasema. "Jemadari anajiandaa."

Tukangoja. Jua likapanda. Saa tatu, saa nne. Mpiga tarumbeta alizimia, akazimia na mpiga ngoma. Mheshimiwa akawa anamnong'oneza marehemu, samahani, Jemadari: "Mheshimiwa, neno moja tu. Hodi. Ho-di." Saa tano watu wa mtaa wote walikuwa wamejaa juu ya kuta, wamejifunga nguo puani, na hakuna aliyetaka kuondoka. Ndani tulisikia Siwatu akikatakata kitu ubaoni.

Saa nane mchana tumbo la Jemadari likapasuka.

Sitaeleza. Nitasema tu kwamba nishani moja iliruka ikampata Mheshimiwa Makeke kwenye paji la uso, ikamchana. Nilipima baadaye. Sentimita nne. Haitoshi.

*

"Mzikeni!" akapiga kelele Mheshimiwa, anatapika na kuamuru kwa pamoja. "Mzikeni leo leo! Karani, jiwe! Andika ameuawa na Bwana Siwatu, mwanaume. Usiniletee maswali!"

Nikaenda kwa mchonga mawe. Njiani nilikuwa na karatasi mkononi, maneno yameshapangwa, kazi ya kunakili tu. Miaka kumi na tisa nimenakili. Nikafika, mchongaji akashika tindo, akasema, "Haya, karani, soma."

Nikaona aibu. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilimwona Mama Mboni pale darajani, maana nilikuwa wa mwisho kukimbia, viatu vilinibana, na niligeuka mara moja nikaona binti yuko chini na sufuria inanyanyuliwa. Nikaona, nikaongeza mbio. Halafu nikarudi nikaandika habari za ramani.

Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Nikamsomea kutoka kichwani.

Jiwe likasimikwa saa kumi na moja, limefunikwa kitambaa, watu wote wa mji wamekusanyika. Mheshimiwa Makeke akakivuta kitambaa, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya sherehe. Ana desturi ya kusoma kwanza na kuelewa baadaye.

"Hapa amelala Jemadari Kishindo," akasoma. "Ameuawa na Siwatu binti Malogo, mwanamke, muuza supu. Marehemu alikuwa amegeuka."

Mahali fulani nyuma, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Kikadakwa na wa pili, na wa tatu, mpaka kunguru wakaruka makaburini. Mheshimiwa akachomoa upanga alivunje jiwe, akaunyanyua juu, akakumbuka sheria ya mikono. Akakaa hivyo, upanga juu, anatafuta kitu kingine cha kupiga. Karibu naye nilikuwa mimi. Miguu yangu ilijua la kufanya, imefanya hivyo siku zote, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaikatalia. Upanga ukanishukia kifuani.

Sikuanguka. Nilitaka, lakini watu walikuwa wengi, hapakuwa na nafasi. Wakanisukuma nyuma, wakanipitisha mikono kwa mikono, na askari waliotumwa kunikamata wakajikuta wamesimama kati ya wanawake mia tano walioshika michi, wakasema hawakuniona.

Wizara imeshatoa tamko kwamba jiwe lile halisomeki. Watu wanakwenda kila siku kuhakikisha kwamba halisomeki. Wanawafundisha na watoto wao kutolisoma, neno kwa neno.

Mimi jioni ile nilitembea mpaka kwa Siwatu, mkono mmoja umeshika kifua, mwingine umeshika kibao cha shaba nilichokuwa nacho mkobani, kwa kuwa aliyemuua shujaa ni shujaa, awe nani awe nani. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikasimama. Miaka yote ile, hakuna mtu wa serikali aliyewahi kusema neno hilo kwenye nyumba isiyo na kibao.

"Hodi," nikasema.

Nikausogelea mlango.

"Hodi."

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Mboni.

"Ngwali. Karani."

"Siku ya daraja ulikuwa wapi?"

Ningeweza kutaja ramani. "Nilikimbia," nikasema. "Nilikuona chini, nikakimbia. Hodi."

Nikasikia gongo la Mboni sakafuni, kisha komeo. Mlango ukafunguka. Siwatu alikuwa amesimama nyuma ya bintiye, bega limefungwa, shoka mkononi, jicho moja limefumba. Akalitazama shati langu lililojaa damu. Akanyoosha mkono, akachukua rula mfukoni mwangu mwenyewe, akaiweka kifuani pangu. Nikauma meno.

"Ngapi?" Mboni akauliza.

"Sita," akasoma Siwatu.

"Dogo," akasema Mboni.

"Dogo," akasema mama yake. "Lakini liko mbele." Akanirudishia rula, akapokea kibao, akakitazama, akakiweka juu ya gunia la vitunguu. "Hiki utakipigilia kesho ukipata nguvu. Karibu ndani, Ngwali. Supu ipo."